Mboga ya Wachina Inayoota Mlangoni Kwetu

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tunataka kuongea nanyi habari ya gugu.

Ndiyo, gugu. Lile linalotambaa chini karibu na bomba la maji, pembeni ya mifereji na katikati ya matuta ya lengalenga. Shina lake ni nene, laini, jekundu-jekundu. Majani yake ni madogo, yamenona na yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Kila siku tunaling'oa, tunalitupa, na baada ya wiki liko palepale.

Mwaka jana mvua zilipoanza tulipeleka darasa la tano kupalilia bustani ya shule. Watoto waling'oa magugu yote, wakayarundika juani. Baada ya siku nne mengine yalikuwa yamekauka kabisa, yanavunjika ukiyashika. Hili moja lilikuwa bado bichi. Tena lingine lilikuwa limetoa ua! Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, hili mbona halifi?" Sisi tukabaki kutazamana. Hatukuwa na jibu, basi tukaenda kulitafuta kwenye vitabu.

Tulichokuta kilitushangaza. Kumbe gugu hili huko China ni mboga ya nyumbani, tena ni dawa iliyoandikwa kwenye vitabu vyao kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mwezi huu tunawaeleza wanavyolila na wanavyojitibu nalo. Tuna sababu nyingine pia ya kuandika, nayo si ya kufurahisha. Tutaisema huko mbele bila kuficha.

JINA LAKE

Wachina wanaliita machixian, unatamka kama "ma-chi-shien". Ma ni farasi, chi ni meno, na xian ni mchicha. Yaani "mchicha wa meno ya farasi", kwa sababu jani lake limefanana na jino la farasi. Wenzetu waliosoma kwa Kifaransa wanaliita pourpier. Baadhi ya watu wa Pwani wanaliita tako la hasani (darasani watoto walicheka mpaka kipindi kikaisha). Jina la kitaalamu ni Portulaca oleracea. Mmea wenyewe si wa Wachina peke yao, umeenea karibu dunia nzima penye joto, na ndiyo maana uko hapa.

Huko China lina majina mengine mawili ambayo tumeyapenda. La kwanza ni "mboga ya maisha marefu". La pili ni "majani ya vitu vitano". Wazee wao waliamini kwamba dunia imejengwa kwa vitu vitano, na kila kimoja kina rangi yake: mti ni kijani, moto ni nyekundu, udongo ni njano, chuma ni nyeupe na maji ni nyeusi. Sasa angalia gugu letu: jani la kijani, shina jekundu, ua la njano, mzizi mweupe, mbegu nyeusi. Rangi zote tano ziko kwenye mmea mmoja. Hata asiyeamini mambo hayo anaweza kuzitumia kulitambua.

KWA NINI HALIFI?

Wachina wana hadithi yake. Wanasema zamani jua zilikuwa kumi, dunia ikaungua. Akatokea mpiga upinde hodari aitwaye Hou Yi, akaziangusha tisa. Ile ya kumi ikaogopa, ikakimbilia kujificha chini ya majani ya machixian. Ikapona. Tangu siku hiyo jua linalipa fadhila: linachoma majani yote, hilo halichomi.

Wataalamu wa mimea wana maelezo yao. Majani na mashina yake yamejaa maji, zaidi ya sehemu 90 katika kila 100. Ardhi ikikauka, mmea huu hufunga vitundu vyake vidogo vya kupumulia mchana ili maji yasitoke, na kuvifungua usiku kukiwa na ubaridi. Kazi ya usiku hutengeneza asidi ndani ya majani. Kwa hiyo wakati wa kiangazi, ukilichuma alfajiri ni chachu zaidi kuliko ukilichuma jioni. Hata ukiling'oa, maji yaliyomo yanatosha kukomaza mbegu, na kipande cha shina kikigusa udongo wenye unyevu kinaweza kuotesha mizizi. Ndiyo maana lile rundo la darasa la tano lilitushinda.

MTOTO WA MTU ALIYEJUA NJAA

Habari hii ndiyo iliyotugusa zaidi.

Mwaka 1344 sehemu moja ya China ilipigwa na ukame, nzige na tauni kwa pamoja. Kijana mmoja wa miaka kama kumi na sita, mtoto wa mkulima maskini, alizika baba yake, mama yake na kaka yake mkubwa ndani ya muda mfupi. Jina lake Zhu Yuanzhang. Akaenda kuishi kwa watawa wa Kibudha apate chakula, lakini hata wao ghala lilikuwa tupu, wakamtoa. Akatembea miaka kadhaa akiombaomba, nyumba kwa nyumba, mji kwa mji. Baadaye aliingia kwenye vita, na mwaka 1368 akawa mfalme wa China.

Mfalme huyo alikuwa na mtoto aitwaye Zhu Su, aliyetawala mji wa Kaifeng. Huko Mto Manjano ulikuwa ukifurika mara kwa mara, na mwaka usio na mafuriko ukame ulikuwa unaweza kuja. Zhu Su aliona watu wakila majani porini wakati wa njaa, wengine wakifa kwa kula yasiyofaa. Akatengeneza bustani, akapanda mimea ya porini, akaitazama inavyoota, akawaweka wachoraji waichore sawasawa ili hata mtu asiyejua kusoma aitambue. Mwaka 1406 alitoa kitabu cha mimea ya kuokoa watu wakati wa njaa. Kina mimea 414: picha yake, inapoota, ladha yake, na namna ya kuiandaa ili isidhuru.

Na mchicha wa meno ya farasi umo. Maelekezo yake ni mafupi: chovya majani kwenye maji ya moto, anika, kisha yapike mpaka yaive, tia mafuta na chumvi. Basi.

Sisi tuliposoma pale tulinyamaza kidogo. Mafuta na chumvi ni vitu vinavyokuja kwenye mgao wetu. Na mtu aliyetembea barabarani bila wazazi na bila chakula, wengi wetu tunamfahamu, maana ni sisi wenyewe au ni watoto tunaowafundisha.

Lakini tuelewane vizuri. Hatusemi kwamba mkimbizi ale majani badala ya mgao. Majani hayampi mtoto nguvu za ugali, maharage na mafuta. Mboga inaongeza pale pengo lilipo, haijazi sufuria yote. Faida ya hili ni kwamba halinunuliwi, halihitaji mbegu, halikufanyi utoke nje ya kambi, na linaiva kwa dakika chache wakati kuni ni shida.

LINA NINI NDANI?

Katika gramu 100 za majani mabichi kuna vitamini C kama miligramu 21, madini ya chuma kama miligramu 2, na potasiamu karibu miligramu 500. Kuna magnesiamu, kalsiamu, na rangi ile ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Kitu kilichowashangaza wataalamu ni mafuta ya aina ya omega-3, ambayo kwa kawaida tunayahesabu kwenye samaki. Yanayopatikana kwenye majani si sawasawa kabisa na ya samaki, lakini kati ya mboga za majani hili ni mojawapo ya yaliyo nayo kwa wingi.

Ukilipika, sehemu ya vitamini C inapotea, kwa hiyo usiliache motoni muda mrefu.

LITAMBUE KWANZA

Hapa tunaomba usome mara mbili. Kuna gugu lingine linalotambaa chini vilevile, lenye mashina mekundu vilevile, nalo lina sumu. Mara nyingi yanaota pamoja. Tofauti zake ni hizi:

1. Vunja shina. Likitoa utomvu mweupe kama maziwa, TUPA, nawa mikono, na usijiguse macho. Mboga yetu hutoa maji tu yasiyo na rangi.

2. Shika jani na shina. Mboga yetu imenona, inateleza, ni laini bila nywele. Lile la sumu lina shina jembamba na jani jembamba kama karatasi.

3. Tazama ua. La mboga yetu ni la njano, dogo, na linafunguka jua likiwaka. Ukiona ua la rangi nyingine, usichume.

4. Kama bado una wasiwasi, acha. Muulize anayejua. Usimtume mtoto mdogo kuchuma peke yake.

Halafu angalia mahali. Usichume karibu na vyoo, kwenye mfereji wa maji machafu, kwenye jalala, wala palipopulizwa dawa ya wadudu. Pazuri zaidi ni kwenye tuta lako mwenyewe. Unaweza kuliachia kona moja ya bustani, litajiotesha. Chuma ncha changa kabla halijatoa maua mengi. Osha mara tatu, kwa sababu linatambaa na udongo unaganda kwenye mashina. Maji ya kuoshea usiyamwage ovyo, yamwagie bustani.

WACHINA WANAVYOLIPIKA

Karibu kila pishi la Kichina la mboga hii linaanza kwa kuichovya kwenye maji yanayochemka dakika moja hadi mbili, kuitoa na kumwaga yale maji. Usiruke hatua hiyo. Mboga hii ina asidi iitwayo oksaliki, kama ilivyo kwenye mchicha, na sehemu yake hutoka na maji hayo. Pia ule uchachu na utelezi wake unapungua.

Pishi la kwanza: kachumbari ya kuchovya
Hili ndilo la kila nyumba huko, hasa kipindi cha joto. Wakishaichovya wanaitia kwenye maji baridi, wanaikamua na kuikatakata. Wanaponda kitunguu saumu, wanachanganya na siki, mchuzi wa soya na mafuta ya ufuta kidogo, wengine na pilipili.
Hapa kwetu: mafungu mawili ya mboga, punje tatu za kitunguu saumu, maji ya ndimu badala ya siki, chumvi, na kijiko kimoja cha mafuta. Maji ya kupozea lazima yawe safi, yaliyochemshwa au ya bomba yenye dawa, kwa sababu baada ya hapo mboga hairudi motoni. Kula siku hiyohiyo.

Pishi la pili: mboga na unga kwa mvuke
Hili ni la vijijini kaskazini mwa China, mikoa kama Henan, na Kaifeng ya Zhu Su iko mkoa huohuo. Hili halihitaji kuchovya kwanza. Mboga inaoshwa, inaachwa ichuje maji sana, inakatwa, inachanganywa na unga mpaka kila jani lishike unga. Wanatumia wa ngano au wa mahindi. Inapikwa kwa mvuke, kisha inaliwa na kitunguu saumu kilichopondwa na siki.
Hapa kwetu: panga vijiti vikikingamana chini ya sufuria, tia maji yasiyofika juu ya vijiti, tandika majani ya mgomba, weka mboga yenye unga wa mahindi na chumvi, funika vizuri. Baada ya kama dakika 15 fungua uonje. Unga ukiwa bado una ladha ya ubichi, rudisha. Tulilijaribu na walimu wenzetu, mara ya kwanza likawa bonge kwa sababu mboga ilikuwa na maji. Mara ya pili sufuria ilirudi tupu. Kwa kuwa maji ya kuchovya hayakumwagwa hapa, usilipike kila siku.

Pishi la tatu: na mayai
Ichovye, ikamue, ikatekate ndogo, piga mayai mawili, tia chumvi, kaanga. Mchanganyiko huohuo Wachina wanautia ndani ya mikate yao ya mvuke na ndani ya maandazi yao madogo ya kuchemsha. Anayeuza maandazi sokoni anaweza kujaribu, asijali tukimwomba moja.

Pishi la nne: ya kukausha
Hili ndilo la akiba. Wachina wanachuma nyingi kiangazi chao, wanaila majira ya baridi wakati hakuna kijani. Ukiianika mbichi haikauki, si tuliona? Kwa hiyo lazima uichovye kwanza, ndipo uitandaze juani juu ya mkeka au turubai safi, uigeuzegeuze mpaka iwe kavu kabisa na nyeusi-nyeusi. Itunze mahali pasipo na unyevu. Siku ya kupika, iloweke mpaka ilainike, imwage maji, ipike na nyama. Wao wanapenda ya nguruwe. Hapa kwetu ndugu Waislamu na wengine watatumia ng'ombe, au dagaa na mawese. Sisi tuliipika na dagaa. Ladha yake inakuwa nzito, si kama ile mbichi.

WANAVYOJITIBU NALO

Huko China mipaka ya chakula na dawa si mikali sana. Mwaka 2002 Wizara ya Afya ya China ilitoa orodha ya vitu vinavyohesabiwa kuwa chakula na dawa kwa pamoja, na machixian imo. Karne nyingi kabla yake, daktari Li Shizhen, aliyekamilisha kitabu chake kikubwa cha dawa mwaka 1578, aliandika kwamba watu huichuma, huichemsha na kuikausha iwe mboga, na akaeleza pia maradhi inayotumika.

Madaktari wa dawa za asili wa China wanasema mmea huu una ladha chachu na tabia ya "ubaridi", kwa hiyo unapoza "joto" la ugonjwa. Matumizi yao makubwa ni haya:

Kwa tumbo: wanautumia kwa kuhara kwenye damu na homa. Kitabu rasmi cha dawa cha China kinataja gramu 9 hadi 15 za majani makavu kwa mtu mzima kwa siku, yakichemshwa. Kwa kawaida daktari huuchanganya na dawa nyingine. Nyumbani watu hupika uji wa mchele wenye majani hayo.

Kwa ngozi: majani mabichi yaliyooshwa yanapondwa na kubandikwa juu ya jipu, ukurutu au mahali palipoumwa na mdudu.

Wanasayansi wameuchunguza. Kwenye maabara umeonyesha kuzuia baadhi ya vijidudu na kupunguza uvimbe. Lakini majaribio yaliyofanywa kwa wagonjwa wenyewe ni machache na madogo. Kwa maneno mengine: una dalili nzuri, haujathibitishwa kuwa tiba ya kumtegemea mtoto mgonjwa.

Sasa tunafika kwenye ile sababu yetu ya pili.

KOSA LETU

Tulipomaliza kusoma habari hizi mwaka jana tulifurahi, tukaenda kuzifundisha darasani haraka. Tulisema, "Wachina wanautumia kwa kuhara." Kengele ikalia, tukatoka. Hatukumalizia.

Msichana mmoja wa darasa lile ni msikivu sana. Nyumbani kwao mdogo wake, hajatimiza miaka miwili, akaanza kuharisha maji. Msichana akachuma majani, akayaponda, akakamua, akampa. Mama yake akamwachia, kwa sababu ni mambo ya mwalimu. Siku ya kwanza, siku ya pili. Majani yalikuwa ndiyo yenyewe, hakukosea mmea. Lakini mtoto alikuwa anatoka maji mwilini na hakuna aliyekuwa anayarudisha. Siku ya tatu macho yalikuwa yameingia ndani, analia bila machozi, baadaye hata kulia akaacha. Mhamasishaji wa afya akapita nyumba kwa nyumba kama kawaida yake, akamwona, akambeba yeye mwenyewe mpaka hospitali ya kambi. Walimtundikia maji, wakamwendelezea ORS na vidonge vya zinki. Akapona. Leo anakimbiza kuku bulok nzima.

Tulikwenda kuomba radhi. Mama yake hakutugombeza. Alitukaribisha kigoda, akasema tu, "Walimu wangu, mkimfundisha mtoto kitu, mumalizie." Tumeyabeba maneno hayo mpaka leo, na makala hii ndiyo kumalizia kwetu.

Tena tulipokirudia kitabu tuliona aibu zaidi. Madaktari wa Kichina wenyewe wanakataza: mmea huu si wa kila kuhara. Mwenye tumbo dhaifu, anayeharisha maji bila "joto", wanasema asipewe, kwa sababu unaweza kumzidishia. Yaani hata kwa sheria za Wachina tulikuwa tumekosea.

MTOTO AKIHARISHA

Kwa hiyo shikeni haya, mkate hata kipande hiki mkibandike ukutani:

1. Mpe maji ya ORS mara moja, usisubiri. Fuata maelezo ya pakiti. Kama pakiti haipo, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote kwa kipimo cha kusawazisha, si cha kulundika. Chumvi isizidi. Mnyweshe kidogo kidogo baada ya kila choo.

2. Anayenyonya aendelee kunyonya. Aliye chini ya miezi sita asipewe majani yoyote.

3. Mpeleke hospitali akapimwe, na uulize zinki. Vidonge hivyo hutolewa siku 10 hadi 14, na mtoto azimalize hata kama choo kimeshakuwa kizuri.

4. Kimbia hospitali usiku au mchana ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, hakuna machozi wala mkojo, anatapika kila kitu, amelegea au hawezi kunywa. Kuhara damu kunahitaji dawa anayoichagua mganga. Majani hayatoshi.

5. Akipata nafuu na ameanza kula, hapo mboga ikiwa imepikwa vizuri ni chakula kama mboga nyingine. Chakula, siyo dawa.

Na kwa ngozi vilevile: jipu kubwa, lenye homa, au lililo usoni, lipelekwe hospitali.

NANI ASILE?

Mama mjamzito aiache. Madaktari wa Kichina wamemkataza tangu zamani kwa kuhofia kuchochea tumbo la uzazi. Mama, kula lengalenga na sombe. Mwenye mawe ya figo au ugonjwa wa figo asile, kwa sababu ya ile asidi na potasiamu. Anayetumia dawa za hospitali kila siku aulize kwanza. Na sisi wengine tusile sufuria nzima kila siku. Mara mbili au tatu kwa wiki, tukibadilisha na mboga nyingine, inatosha.

NENO LA MWISHO

Ndugu zetu, wengi tulifika hapa tukiwa tumeacha mashamba yenye mihogo na ndizi, na tukajifunza kuishi kwa kusubiri siku ya mgao. Mgao ukipungua moyo unavunjika, hilo hatulifichi. Zhu Su hakuweza kuzuia mafuriko wala ukame. Alichoweza ni kuangalia vizuri kilichoota karibu, kukichora bila kukosea, na kuwaambia watu kipi kinaliwa, kwa namna gani, na kipi kinaua. Kazi hiyo hata sisi tunaiweza, kila bulok, bila hela.

Wazee wetu mnajua mimea mingi kuliko vitabu tulivyonavyo. Tunawaomba: mkiwa na mboga ya porini mliyoila nyumbani, mpitishieni mwanafunzi aje na jani lake na maelezo yake, na zaidi ya yote, aje na tahadhari zake. Tutachora darasani.

Maswali ya kujadili nyumbani na watoto:
1. Taja rangi tano za mmea huu na sehemu zake.
2. Utafanya nini kujua kama gugu ulilochuma ni lile la sumu?
3. Kwa nini maji ya kuchovya mboga hii yanamwagwa?
4. Mdogo wako ameanza kuharisha. Unaanza na nini?

Swali la nne kila mtoto alijibu kabla ya kulala. Akikosea, mwanzisheni tena. Sisi hatutaki kuacha tena nusu ya somo.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea.